Kona 318 bila nyumba hata moja: historia ya barabara inayopendwa na wenye pikipiki

Leo sitaandika juu ya bei ya unga wala hali ya maji ya bomba. Nitaandika juu ya barabara moja iliyo mbali sana na sisi. Swali lake lilizaliwa hapa Uvira, kwenye parking ya wamotari.

Kijana mmoja wa pale alikuwa na video kwenye simu. Wazungu kumi na zaidi wako juu ya pikipiki kubwa, wamevaa makoti ya ngozi, wanafuatana kwenye lami inayojipinda ndani ya msitu. Kona ya kushoto haijaisha, ya kulia imeshafika. Hakuna abiria nyuma, hakuna gunia la makala, hakuna bidoni. Wakifika mwisho wanashuka, wanapigana mabega, wanacheka, halafu wanageuza na kurudi kulekule walikotoka. Kijana akaniuliza: « Yaya, hawa wanalipwa na nani? »

Swali lake ni la haki. Motari wa kwetu anayepanda Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Nyangezi hatafuti kona. Anatafuta pesa ya abiria, na kona anaziombea zipite salama. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni shimo, na lori la mizigo linaweza kutokea mbele yako bila kupiga honi. Mtu anayepanda njia kama ile bure, kisha anarudia kwa sababu alifurahi, kwetu tungemuuliza kama ana homa.

Kulikuwa pia na mama mmoja pale, mhami kutoka milima ya juu, anasubiri motari wa kumpeleka sokoni. Naye aliangalia. Yeye hakuuliza pesa. Aliomba video irudiwe, akatazama mpaka mwisho, akasema: « Njia nzuri hivi, na nyumba haziko? Hata moshi? »

Nilimjibu kijana palepale. Swali la mama lilinichukua siku kadhaa za kusoma, na ndilo limefanya habari hii iwe ndefu.

Barabara ile iko Marekani, kwenye mpaka wa majimbo ya Tennessee na North Carolina, katika milima inayoitwa Great Smoky. Jina lake la serikali ni US 129, na pale inapovuka mpaka panaitwa Deals Gap. Wenye pikipiki wameipa jina lao, Mkia wa Joka. Sifa yake ni kona 318 ndani ya maili 11, yaani karibu kilomita 18. Gawanya mwenyewe: ni kona moja karibu kila mita 56. Huna nafasi ya kunyoosha mgongo.

Sasa jibu la kijana. Hakuna anayewalipa, wao ndio wanaolipa. Wanalipa mafuta, chumba cha kulala, chakula, na wengine wanalipa hata picha, kwa sababu wapiga picha hukaa kwenye kona na kuuza picha za kila anayepita. Wanakuja kwa makundi kutoka majimbo ya mbali. Mara kadhaa kwa mwaka kunafanyika mikutano ya pikipiki katika miji midogo ya eneo lile: watu wanafika, wanapiga kambi au kuchukua vyumba, mchana wanatawanyika kwenye njia za milimani, jioni wanarudi kukaa pamoja na kusimuliana nani alikosea kona gani. Mkutano wenyewe ni ule wa jioni. Njia inawapa tu la kuzungumza.

Kwenda kwa kundi kuna sheria zake, na hapa wamotari wetu wanaweza kusikiliza vizuri. Aliye mbele ni yule anayeijua njia, na hakimbizi kuliko uwezo wa walio nyuma. Wa mwisho pia huchaguliwa: ni mtu mzoefu, kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayebaki porini peke yake. Pale njia inaponyooka wanapangana mmoja kushoto, mwingine kulia, ili kila mmoja awe na nafasi ya kufunga freni. Kwenye kona wanarudi kuwa mstari mmoja. Asiyeweza mwendo huo hasukumwi. Anaachiwa nafasi, na wenzake wanamngoja kwenye njia panda. Kwenye kona yenyewe, freni unazimaliza kabla ya kuingia, vitesi unashusha kabla ya kuingia, na macho unayapeleka kule unakotaka kutokea. Ukiliangalia shimo, pikipiki itakupeleka shimoni. Jambo hili wamotari wa Ngomo wanalijua bila kufundishwa na mtu.

Na bado watu wanakufa pale. Mwendo unaoruhusiwa ni maili 30 kwa saa, karibu kilomita 48, na si wote wanaoutii. Tangu mwaka 2015 malori marefu yamekatazwa kwenye kipande cha Tennessee, kwa sababu lori refu haliwezi kupinda pale bila kuingia upande wa anayekuja. Deals Gap kuna mti mmoja ambao watu wametundikia vipande vya pikipiki zilizoanguka: vioo, mizinga ya mafuta, plastiki zilizovunjika. Wameuita Mti wa Aibu. Ngomo pia ingeweza kuwa na mti wake, ila kwetu kipande cha pikipiki kikianguka asubuhi, jioni kimeshauzwa.

Jambo moja ambalo wenye pikipiki husifu zaidi kuhusu Mkia wa Joka, hata kuliko hesabu ya kona, ni kwamba katika kilomita zile zote karibu hakuna njia nyingine inayoingia barabarani na hakuna geti la nyumba ya mtu. Hatoki mtoto na mpira, haitoki ng'ombe. Unaweza kuinama kwenye kona ukijua upande wa pili hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake. Mama wa parking aliona jambo hilohilo kwenye video. Wao wanaliita uzuri. Yeye alitaka kujua watu walienda wapi.

Niseme ukweli wote: sehemu kubwa ya njia ile ni miteremko mikali ambayo pengine hakuna mtu angejenga hata angeachwa huru. Lakini upande mmoja wa barabara ni parke ya taifa na upande mwingine ni msitu wa serikali, na ardhi yote hiyo ina historia ya watu waliondoka, kwa awamu tatu.

Wa kwanza ni Wacherokee, wenyeji wa milima ile kabla ya Wazungu. Mwaka 1830 rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha watu wa asili kuelekea magharibi. Mwaka 1838 wanajeshi waliwakusanya Wacherokee kutoka nyumba kwa nyumba, wakawaweka ndani ya ngome, kisha wakawasafirisha mpaka nchi ambayo leo ni Oklahoma. Waliohamishwa walikuwa kama 16,000, na inakadiriwa kwamba karibu 4,000 walikufa.

Moja ya ngome hizo ilikuwa Robbinsville, mji mdogo ambao leo umejaa wenye pikipiki wakati wa mikutano. Ili kuwatoa watu pale, jeshi lilikata njia mpya juu ya mlima mwaka huohuo wa 1838, njia ya Tatham Gap. Ipo mpaka leo, ya changarawe, inapinda ndani ya msitu, na wapenda pikipiki za njia mbaya huipanda kwa starehe. Ilikatwa ili watu wafukuzwe kwayo.

Kati ya waliohamishwa alikuwemo Junaluska, kiongozi aliyepigana vita vya mwaka 1814 upande wa huyohuyo Jackson, kabla Jackson hajawa rais. Alipelekwa magharibi pamoja na watu wake. Baadaye alirudi kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,000. Mwaka 1847 jimbo la North Carolina lilimpa uraia na kipande cha ardhi kulekule Robbinsville, na kaburi lake liko pale juu ya kilima. Wengine walikuwa wamejificha milimani na hawakuondoka kabisa. Wajukuu wao wapo bado: kuna jumuiya ya Wacherokee ya Snowbird karibu na Robbinsville, na nyingine kubwa zaidi upande wa mashariki wa parke.

Awamu ya pili ni parke yenyewe. Mwaka 1926 bunge la Marekani lilikubali kuwe na parke ya taifa katika milima ya Great Smoky, na mwaka 1934 ikaanzishwa. Shida ni kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe: makampuni ya mbao yaliyokuwa yamekata sehemu kubwa ya miti, na wakulima wadogo kwenye mabonde. Ilibidi kununua vipande zaidi ya 6,000, kimoja kimoja. Familia ya tajiri Rockefeller ilitoa dola milioni 5, majimbo yakatoa, hata watoto wa shule wakachangishwa senti. Waliokubali kuuza waliuza. Waliokataa walipelekwa mahakamani. Katika bonde la Cades Cove mkulima John Oliver alibishana na serikali mahakamani kwa miaka, akashindwa, na mwaka 1937 akahama. Nyumba nyingi zilibomolewa. Chache ziliachwa ili wageni waone wakulima wa zamani waliishi vipi. Njia ndogo ya zamani inayotoka bondeni humo inatokea kwenye Mkia wa Joka.

Sisi wa Kivu ya Kusini hatuhitaji kuelezwa sana habari ya namna hiyo. Parke ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Batwa waliotolewa mle wanalizungumza mpaka leo. Tofauti ni kwamba wakulima wa Great Smoky walipewa bei, hata kama hawakuipenda. Batwa walipewa amri.

Awamu ya tatu ndiyo niliyoisoma kwa muda mrefu zaidi. Ukitoka Deals Gap na kufuata barabara namba 28, nayo ya kona tupu, unafika kwenye barage ya umeme ya Fontana. Sisi tunaoishi kwa umeme wa Ruzizi, siku unapokuwepo, tunajua barage ni nini, lakini ile ni ya kutisha: ina urefu wa futi 480 kwenda juu, karibu mita 146. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa 1942, wiki chache baada ya Marekani kuingia vitani. Wafanyakazi, maelfu, walipeana zamu usiku na mchana, siku saba kwa wiki, na mwezi wa kumi na moja 1944 milango ilifungwa, maji yakaanza kupanda. Kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi hao leo ni mahali pa wageni, na mikutano ya pikipiki hufanyika hapohapo.

Haraka hiyo ilitokana na vita. Ndege zilihitaji aluminiamu, aluminiamu inahitaji umeme mwingi, na kiwanda kilikuwa karibu. Shirika la serikali lililojenga Fontana, TVA, ndilo lililopeleka umeme pia Oak Ridge, mji wa siri katika jimbo hilohilo la Tennessee ambako urani ilitayarishwa kwa ajili ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwezi wa nane 1945. Oak Ridge nako watu kama 3,000 waliondolewa mashambani mwaka 1942, wengine wakipewa majuma machache tu. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Wakongomani walichimba, Wabelgiji waliuza, na wakulima wa Tennessee waliacha mashamba yao, na hakuna kati ya Wakongomani wale na wakulima wale aliyeambiwa kazi ni ya nini.

Kwa ajili ya ziwa la Fontana, familia 1,311 zilihamishwa. Makaburi 1,047 yalifukuliwa na kupelekwa pengine. Vijiji vya Fontana, Bushnell, Forney na Judson vilizama vyote. Ilizama pia barabara iliyokuwa inapita kando ya mto, ambayo teritware yao, inaitwa Swain, ilikuwa imekopa pesa kuijenga. Raia wa Swain waliendelea kulipa mkopo wa barabara iliyo chini ya maji kwa miaka mingi.

Kwenye ukingo wa kaskazini maji hayakufika juu. Lakini kwa kuwa barabara ilizama, watu wa huko nao walitolewa, na ardhi yao, karibu hekta 17,800, ikaunganishwa na parke. Makaburi ya huko yalibaki. Familia ziliuliza: tutafikaje kwa wafu wetu? Zikaambiwa sasa ni vita, hakuna vifaa, subirini. Tarehe 30 mwezi wa saba 1943 mkataba ulitiwa sahihi kati ya TVA, wizara ya mambo ya ndani, jimbo la North Carolina na teritware ya Swain: vita vikiisha, serikali itajenga barabara mpya upande wa kaskazini. Ndani ya mkataba kulikuwa na maneno machache ambayo wakulima huenda hawakuyapa uzito, kwamba barabara itajengwa wakati bunge litakapotenga pesa.

Vita viliisha 1945. Bunge halikuwa na haraka. Vipande vilijengwa kidogo kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ikasimama kabisa baada ya kama kilomita 10. Sababu zilizotolewa ni gharama, na miamba ya huko ambayo ikivunjwa inatoa tindikali inayoua samaki mitoni. Kipande kilichojengwa kinatoka mji wa Bryson City, kinapanda kwa kona nzuri, kinaingia kwenye handaki la mita zaidi ya 300, kinatoka upande wa pili, kinakwisha. Mbele ni njia ya miguu. Wenyeji wanaiita Barabara ya Kwenda Popote Pasipo, na kando yake waliweka kibao kinachosema kwamba ni ahadi iliyovunjwa, kikiwa na mwaka 1943, kistari, na alama ya kuuliza.

Wenye pikipiki huenda kuliona handaki lile. Ni safari fupi ya asubuhi.

Kuna jambo jingine linaloniuma katika historia hii. Mwaka 1996, katika teritware jirani, ilifunguliwa barabara nyingine ya milimani, Cherohala, kutoka Robbinsville kwenda Tellico Plains. Iligharimu zaidi ya dola milioni 100. Ni lami safi, inapanda juu ya mawingu, na haina vijiji. Ilijengwa hasa ili watu waangalie mandhari. Leo ni moja ya barabara zinazopendwa zaidi na wanaokuja kwenye mikutano ya pikipiki. Sina neno baya juu yao. Barabara haikuombwa na wao peke yao. Lakini mtu aliyeambiwa tangu 1943 kwamba pesa hazijapatikana, siku ya ufunguzi ule alifikiri nini?

Mwaka 2010, miaka 67 baada ya mkataba, serikali ilikubali kuilipa teritware ya Swain dola milioni 52 badala ya barabara. Malipo ya mwisho yalifika mwaka 2018. Familia ziligawanyika. Wengine walisema ni afadhali, pesa itasaidia shule na watoto. Wengine walisema hawakuwahi kuomba pesa, waliomba njia.

Nilirudi parking kumweleza yule mama. Sikumkuta siku ya kwanza. Siku ya pili nilimkuta na mfuko wake wa mihogo. Nilimweleza kwa kifupi: Wacherokee, parke, barage, makaburi. Habari ya kona hakuijali. Aliuliza: « Na sasa wanafikaje kwenye makaburi? »

Kwa mashua. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, familia zilijipanga na kudai haki ya kwenda kuwasafisha wafu wao, na parke ikakubali kuwavusha ziwa. Kila kaburi la ukoo lina siku yake, kuanzia majira ya joto yanapokaribia. Watu wanakuja kutoka miji ya mbali, wazee wanashikwa mkono kuingia mashuani, upande wa pili wanasaidiwa kupanda mlima. Wanafyeka majani, wanarundika udongo upya juu ya makaburi, wanaweka maua, wanasali, wanaimba. Kisha wanatandika chakula na kula palepale pamoja na watoto waliozaliwa mjini, ambao hawakuwahi kuiona nyumba ya babu. Jioni mashua inawarudisha.

« Wanalipa? » mama aliuliza.

Nilimwambia hapana, mashua ni ya serikali, hawalipi.

Alifunga mfuko wake, akamwita motari, wakaelewana bei, akapanda.